Mita 24 za mraba, na pumzi unaipata!

Dari! Ukiingia Carmel Place, mtaa wa Kips Bay, Manhattan, tazama juu kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa nimejiandaa kubanwa, nikakuta chumba kinachopanda karibu mita tatu, na dirisha refu la kioo linaloachia mwanga kumwagika mpaka mlangoni. Nyumba humu zina mita za mraba 24 hadi 33 tu. Ndiyo, ni bedsita, lakini bedsita iliyopigiwa hesabu sentimita kwa sentimita!

Sasa kitanda. Sofa iko ukutani. Unavuta ubao ulio nyuma yake, kitanda kinashuka juu ya sofa, na sebule imekwisha kuwa chumba cha kulala. Nikakipandisha, nikakishusha tena, kwa raha tu. Juu ya bafu kuna nafasi ya kuhifadhia masanduku. Jiko ni dogo mno, na mtu wa kupikia wageni pilau atateseka. Ila paa ni la wapangaji wote, na mazoezi unafanyia chini, jengoni humohumo.

Na jengo lilivyopatikana, loo! Kanuni za New York zilitaka nyumba mpya isipungue takriban mita za mraba 37. Mwaka 2012 Meya Michael Bloomberg akaitisha shindano na kulegeza kanuni hiyo kwa ajili ya mradi huu. Wasanifu wa nARCHITECTS wakashinda. Vyumba viliundwa kiwandani kule Brooklyn Navy Yard, vikapakiwa kwenye malori, kreni ikavipanga kimoja juu ya kingine hadi ghorofa tisa. Nyumba 55! Wapangaji wakaanza kuingia 2016.

Kinachoniuma ni kodi. Nyumba za bei ya soko zilianza kwa karibu dola 2,500 kwa mwezi, nyingine zaidi. Udogo haukuleta unafuu uliotarajiwa, maana bafu na jiko ndivyo vinavyokula fedha za ujenzi, na kila nyumba, hata iwe ndogo vipi, inadai vyake. Kwa hiyo ukigawa kodi kwa mita, mwenye chumba kidogo ndiye anayelipa zaidi. Na wawili wakiwa na mtoto mchanga? Hapana, hapa si pao. Mtoto atalala wapi kitanda kikishuka?

Lakini kwa mtu mmoja anayefanya kazi mjini na kuchoka kugawana bafu na watu asiowajua, ningemwambia ahamie leo! Nyumba 22 zilitengwa kwa kodi nafuu, nane kati yake zikiwa za askari wastaafu waliokuwa hawana makazi. Zile 14 zilizobaki ziliombwa na watu wapatao 60,000. Jengeni nyingine, tafadhali, na safari hii za kodi nafuu ndizo ziwe nyingi.