Shahidi wa Hofu: Jibwa la Baskerville Katika Filamu Tatu

Ni ada ya wahakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kumtaja Sherlock Holmes kila wanapomtaja Bwana Msa. Kiko hutajwa, uhodari wa kufasiri mambo madogo madogo hutajwa, na Najum huwekwa bega kwa bega na Dakta Watson. Ulinganishi huo ni sahihi, ila hauchimbi mbali. Muhammed Said Abdulla (1918–1991) hakuazima mpelelezi tu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, alikabili tatizo lile lile lililomkabili Arthur Conan Doyle katika The Hound of the Baskervilles (1901–1902): namna ya kumwogofya msomaji kwa jambo ambalo akili ya mpelelezi itakuja kulifuta. Kwa Abdulla jambo hilo ni mzimu ambapo maiti ya Bwana Ali inapatikana. Kwa Doyle ni jibwa la jehanamu linalosemekana kuuandama ukoo mmoja tangu mababu. Hata watu wa kale wapo kotekote, kwani Holmes anajificha katika kibanda cha mawe kilichoachwa na watu wa zama za mawe kwenye nyika ya Dartmoor.

Hofu ya namna hii haina budi kupata shahidi. Doyle alilitambua hilo, ndiyo maana akamwondoa Holmes kwa sehemu kubwa ya kisa na kumwacha Watson peke yake nyikani, akiandika barua na kumbukumbu za kila siku. Shahidi huyu ni daktari aliyejeruhiwa vitani Afghanistan. Akisema kuwa alisikia mlio uliomtia baridi, msomaji hana sababu ya kumcheka. Swali linalofaa kuulizwa kuhusu filamu zilizotokana na riwaya hii, basi, si nani amefanana zaidi na Holmes, bali Watson amefanywa nini.

Filamu ya 1939 ilimleta Basil Rathbone, ambaye uso wake mwembamba na sauti yake kali vilimfanya kuwa kipimo cha Holmes kwa miaka mingi. (Jina lililotangulia katika orodha ya waigizaji lilikuwa la Richard Greene, aliyeigiza Sir Henry, watengenezaji walimtegemea kijana wa mapenzi kuliko mpelelezi.) Lakini Watson wa Nigel Bruce ni mzee wa kuchekesha, mwepesi wa kudanganyika. Holmes anamjia katika sura ya mchuuzi naye hamtambui, na mtazamaji anacheka pamoja na Holmes. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Shahidi akishakuwa chekesho, ushahidi wake nao huchekesha. Filamu inalazimika kutafuta hofu pengine, na inaongeza kikao cha kuwaita wafu ambacho hakimo katika riwaya.

Kampuni ya Granada ilijaribu kurekebisha kosa hilo katika mfululizo wake wa runinga wa miaka 1984–1994, na Edward Hardwicke anampa Watson heshima yake yote: mtu mzima, mtulivu, mwenye huruma. Katika filamu ya 1988, Jeremy Brett anapokuwa hayupo, Hardwicke anaubeba mzigo bila kuyumba. Hata hivyo, uaminifu huu kwa kitabu unafichua jambo ambalo kitabu kiliweza kulikwepa. Katika maandishi, jibwa ni kubwa kadiri Watson anavyoogopa. Kwenye skrini, mnyama akishatokea ana urefu na upana, na kila mtazamaji aliyewahi kufukuzwa na mbwa humpima kwa macho. Hardwicke anaogopa kweli. Ni mbwa asiyemfikia.

Toleo la BBC la 2012, lililoandikwa na Mark Gatiss na kuigizwa na Benedict Cumberbatch na Martin Freeman, linachukua hatua ya ujasiri. Baskerville si jumba tena, ni kituo cha utafiti cha jeshi, na jibwa la kutisha linazaliwa na dawa iliyochanganyika na ukungu wa bondeni. Mbwa halisi yupo, lakini hofu ndiyo inayomkuza. Tatizo la mwaka 1988 limetatuliwa: kinachoonyeshwa ni kile kinachoonwa na mwoga. Zaidi ya hayo, Holmes hamwachi mwenzake nyikani. Anakwenda naye, analiona jibwa, na mkono ulioshika glasi unatetemeka. Mpelelezi amekuwa shahidi.

Ila Watson analipia. Holmes, akidhani dawa imo katika sukari, anamfungia mwenzake ndani ya maabara ili amtazame akiogopa, na dhana yenyewe ni potofu. Doyle pia alimdanganya Watson, lakini pale kibandani Watson analalamika, na Holmes anamwonyesha barua zake zilizosomwa na kurudiwa. Ushahidi wake ulihitajika. Katika toleo la 2012 kinachohitajika ni mwili wake tu.

Huenda mwanafunzi wa Eldoret alimkuta Bwana Msa darasani kabla ya kumwona Holmes yeyote kwenye runinga. Kwake suala hili si la Waingereza peke yao. Atakayetaka kuupeleka Mzimu wa Watu wa Kale kwenye skrini ataanza na kiko na kanzu, kwa kuwa ndivyo vyepesi kupatikana. Kazi itakuwa kwa Najum: kumpata mwigizaji ambaye, akisita penye mzimu, hakuna atakayecheka ukumbini.