Ngoma ya Tembo na Nyasi Zilizo Chini Yake

Wanafunzi wa mafunzo ya siasa hutuuliza mara kwa mara: je, mtaalamu wa kompyuta, mwenye shahada, mshahara mnono na ofisi yenye kiyoyozi, naye ni mfanyakazi kwa maana tunayoifundisha? Kitabu cha Louis Gerstner, Who Says Elephants Can't Dance?, kilichotolewa mwaka 2002, kinalijibu swali hilo vizuri, ingawa mwandishi wake hakukusudia kulijibu. Jina lake linauliza ni nani asemaye kwamba tembo hawezi kucheza ngoma. Tembo ni kampuni ya IBM. Sisi Waswahili tukimsikia tembo huulizia nyasi, na ndivyo tulivyokisoma.

Bwana huyu alishika uongozi wa IBM mwezi Aprili 1993. Hakuwa fundi wa kompyuta. Alitoka katika kampuni ya RJR Nabisco, wauzaji wa biskuti na sigara. Aliikuta kampuni imepata hasara ya karibu dola bilioni 5 mwaka 1992, na mwaka 1993 hasara ikafika bilioni 8.1. Mabwana waliomtangulia walikuwa wakijiandaa kuigawa kampuni vipande vipande. Yeye alikataa, na anauhesabu uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko yote aliyoyafanya. Katika hili tunakubaliana naye. Pia anauchambua urasimu vizuri: mikutano ya kuandaa mikutano, idara zinazopigana zenyewe kwa zenyewe huku mteja akisubiri mlangoni. Kada anayefanya kazi katika shirika lolote kubwa atazitambua kurasa hizo bila kuelezwa.

Lakini tazama anavyoueleza utamaduni wa zamani wa kampuni. Kwake, ahadi ya ajira ya maisha na marupurupu sawa kwa wote ilikuwa ulezi wa kibaba uliopitwa na wakati, nao ukawalemaza watu. Hapo ndipo uchambuzi unapomwishia, kwa sababu haulizi ulezi huo ulitoka wapi.

Thomas Watson mkubwa, aliyeanza kuiongoza kampuni mwaka 1914, hakuwa mjamaa. Wafanyakazi wake waliimba nyimbo za kuisifu kampuni na kumsifu yeye mwenyewe. Wakati wa mdororo mkuu wa miaka ya 1930 aliendelea kuunda mashine na kuziweka ghalani badala ya kufukuza watu. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani ilipopitishwa mwaka 1935, serikali ikahitaji mashine za kuhesabia mamilioni ya raia, naye alikuwa nazo. Mwaka 1958 mwanawe aliondoa malipo ya saa na kuwaweka wafanyakazi wote kwenye mshahara. Mambo haya yalikuwa ya kweli na yaliwanufaisha watu. Lakini yalilipiwa na faida ya ukiritimba: kampuni iliyoshika soko la kompyuta kubwa kiasi cha kushtakiwa na serikali yake mwaka 1969 ilikuwa na uwezo wa kuwa baba mwema. Tena wema huo ulikuwa na kazi yake, nayo ni kukiweka chama cha wafanyakazi nje ya geti. Mtoto anayetunzwa na baba haundi chama. Faida ya ukiritimba ilipopungua, ubaba nao ukaisha. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Mwaka 1994 walibaki kama 220,000.

Badala ya ubaba Gerstner alileta nini? Kila mfanyakazi aliandika ahadi zake za mwaka chini ya vichwa vitatu: kushinda, kutekeleza, kushirikiana. Mwisho wa mwaka alipewa alama, na alama ikagusa mfuko wake. Mkinzano uko wazi. Watu wanaagizwa washirikiane, kisha wanapangwa madaraja, huyu juu na yule chini. Nani atamfundisha mwenzake kazi, ikiwa kumfundisha ni kumpandisha juu yako? Mwandishi anaeleza kwa fahari pia jinsi alivyowapa maelfu ya wafanyakazi haki ya kununua hisa. Kwa nadharia yake, mwenye hisa hufikiri kama mwenye mali. Tunamjibu kwamba mwenye mali hafukuzwi kazi.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1999. Uongozi ulibadili utaratibu wa pensheni, na wafanyakazi wa makamo, waliokuwa wamehesabu miaka yao kwa utaratibu wa zamani, wakapiga hesabu wenyewe wakaona haki yao inapungua. Hawa walikuwa wahandisi; hesabu haikuwashinda. Walikutana, wakaandika barua, wakafika hadi Bunge la nchi yao. Bernie Sanders, mbunge wa Vermont wakati ule, alisimama pamoja nao. Mwaka huohuo wakaunda umoja wao, Alliance@IBM, chini ya chama cha wafanyakazi wa mawasiliano. Kampuni ikarudi nyuma nusu hatua: waliotimiza miaka 40 wakiwa na utumishi wa miaka 10 waliruhusiwa kuchagua utaratibu wa zamani. Waliobaki walikwenda mahakamani. Mwaka 2003 jaji alisema utaratibu mpya unawabagua wenye umri mkubwa. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Chicago ikaitengua hukumu hiyo.

Yaliyofuata baada ya Gerstner kuondoka yanaendelea katika mstari uleule. Kupunguza watu kulipewa jina jipya ndani ya kampuni, hatua juu ya rasilimali, kana kwamba wanaopunguzwa ni shehena ya shaba. Mwaka 2016 kiinua mgongo cha wanaopunguzwa kilishushwa hadi mshahara wa mwezi mmoja. Mwaka 2020 tume ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira ilisema imeona ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wazee katika upunguzaji wa mwaka 2013 hadi 2018. Wakati huohuo, kwa miaka mingi, mabilioni ya dola yalitumika kununua hisa za kampuni yenyewe ili bei yake ipande.

Yatupasa pia kuwakosoa wafanyakazi hao, kwa udugu. Umoja wao haukupata kamwe wingi wa kuilazimisha kampuni ikae nao mezani, na ulifungwa Januari 2016. Wengi waliutafuta siku walipoguswa wao. Mwenzao alipopunguzwa, walijiambia kwamba alama zake zilikuwa chini. Fikra hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilijengwa kwa nyimbo za Watson kwanza, kisha kwa madaraja ya Gerstner, na ya pili ni kali zaidi kwa sababu humfanya mtu ajihukumu mwenyewe.

Kitabu kisomwe vyuoni. Tunashauri mkufunzi aanze na sehemu ya malipo, wala si ya mikakati, na awape wanafunzi hukumu mbili za pensheni, ya 2003 na ya 2006, wazisome sambamba. Baada ya hapo awarudishie swali la kiyoyozi walijibu wenyewe.