Viva Riva!: Nondo Zilizofanya Kazi ya Mwongozaji

Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika huku Kongo, ni nchi ya misheni tangu 1885, Wapadri Weupe walipokabidhiwa ngome ya afisa Mbelgiji Émile Storms. Katika Kongo ya misheni, filamu nayo ilikuwa chombo cha mafundisho: miaka ya 1950 padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, watu wacheke huku wakifundwa. Mwaka 2010 Djo Tunda Wa Munga alitoa Viva Riva!, filamu ya Kilingala na Kifaransa inayoanika ngono bila kumfunda mtu yeyote. Aliwezaje?

Kwanza, aliificha ndani ya hadithi ya majambazi. Kinshasa imekaukiwa mafuta. Riva anarudi na shehena aliyomwibia bosi wake Mwangola, César, ambaye anamfuata kwa bunduki. Anayewajua akina Kadhafi wanaouza petroli kando ya barabara anaelewa mara moja: kitu kikiadimika, kila kitu kina bei, mwili ukiwemo. Padri naye anaingia katika biashara hiyo ya mafuta, wala filamu haisimami kumhukumu. Kamanda wa kike anayependa wanawake anapita hivyo hivyo, ni mtu mmojawapo wa mji.

Pili, kizuizi. Tazama tukio la dirishani. Nora, kimada wa jambazi Azor, yuko ndani. Riva yuko nje. Katikati kuna nondo. Kukumbatiana hakuwezekani, kwa hiyo mapenzi yanafanywa kwa mdomo kupitia upenyo wa chuma. Hakuna anayelazimika kutueleza kwamba mwanamke huyu ana mwenyewe, au kwamba Riva anacheza na kifo. Nondo zimeyasema yote mawili, na tamaa imezidi kwa sababu imebanwa. Tukio hilo lingepigwa kitandani, lingekuwa ngono tu.

Kasoro ipo. Nora tunamjua zaidi kwa macho ya Riva kuliko kwa nia zake mwenyewe. Mwiko umevunjwa, lakini mwanamke bado anagombewa kama shehena ile.

Hata hivyo, tuzo sita ambazo filamu hii ilipata za AMAA (Africa Movie Academy Awards) mwaka 2011 hazikutoka kwa sababu ya uchi. Anayetaka kupiga filamu ya namna hii huku ziwani ajiulize kwanza ni nini kinachowazuia wapenzi wake. Bila jibu hilo, kuwavua nguo hakutamsaidia.