Sifa za Fundi wa Habu

Mjini Isiolo fundi wa injini ndiye anayesifiwa. Wa habu za mbele za malori, yaani vitovu vya magurudumu, hujulikana na madereva wa masafa tu, nao humtaja kwa sauti ya chini kama mtu anayeficha mganga wake mzuri.

Wana sababu. Kutoka hapa hadi Moyale ni kilomita zipatazo 500. Lami ilikamilika miaka ya 2010, lakini kona, joto na mzigo havikuondoka na vumbi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, na tani hizo hukalia beringi nne: kubwa mbili za ndani, ndogo mbili za nje. Rola zake zimekaa mshazari, kwa kuwa gurudumu la mbele hubanwa kutoka juu na ubavuni kwa wakati mmoja. Henry Timken, muundaji wa magari ya farasi huko St. Louis, ndiye aliyepata hataza ya beringi za namna hiyo mwaka 1898.

Katika habu ya grisi, fundi hukaza nati kuu huku akizungusha habu, mpaka rola zikae. Kisha anailegeza kidogo, na katika kidogo hicho ndimo ufundi ulimo. Ikibana, beringi huchemka hata kabla ya kufika mbali. Ikilegea mno, tairi hucheza, hulika upande mmoja, na sili huvujisha. Malori mengi ya Kijapani yana kipimo chake: mizani ya kuvuta hunaswa kwenye stadi, ikasomwa nguvu inayoanza kuizungusha habu. Wenye mkono mzoefu huikaribia namba hiyo bila mizani. Mimi nawaheshimu zaidi wale ambao, pamoja na mkono huo, bado wanapima.

Lakini mkono uliozoea habu moja unaweza kuua nyingine. Ipo ya oili, yenye kioo kwenye kifuniko. Hapo hakuna kupaka grisi, bali kutazama oili imefika wapi. Ipo ya malori ya kuvuta mbele, ambayo ekseli yake ina tundu na shafti hupita katikati. Na ipo ile ya malori mapya ya Ulaya, ambayo beringi, grisi na sili hutoka kiwandani zikiwa kitu kimoja. Hii nati yake hukazwa kwa nguvu iliyoandikwa, basi. Anayeirudisha nyuma kwa mazoea ameiharibu, na anayeifungua ili aongeze grisi ameiharibu zaidi. Hata nati za tairi zina ukaidi wao: malori mengi ya zamani ya Kijapani hufungwa kinyume upande wa kushoto, na kijana asiyeambiwa hukata stadi akidhani imeshika kutu.

Kwa hiyo fundi ninayemsifu huanza kwa kuuliza lori ni la aina gani, kabla hajashika spana. Safari ikianza, humwagiza dereva asimame njiani, Archer's Post, aguse habu zote mbili na kulinganisha joto lake.

Nawe mwenye lori, usimsimamie ukimharakisha, na umnunulie sili mpya. Ile iliyokwisha kutolewa hairudishwi.