Jioni na Mtunzi: Riwaya ya Kihistoria na Deni la Tarehe

Suala la uhusiano baina ya historia na riwaya si geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu, hata hivyo, tumelijadili vitabu vikiwa wazi mbele yetu na watunzi wakiwa mbali. Makala hii imetokana na kikao cha namna nyingine: jioni moja katika chuo kimoja cha ualimu mjini Mombasa, ambako mtunzi wa riwaya za kihistoria alialikwa kusoma sehemu za mswada wake, kisha kuulizwa maswali. Jina lake hatulitaji kwa kuwa mswada ungali mikononi mwake na huenda akaubadilisha. (Tunatumai ataubadilisha.)

Mswada wenyewe unahusu mgomo wa Mombasa wa mwaka 1947. Mgomo huo ulianza tarehe 13 Januari, ukadumu siku 12, na kuwahusisha wafanyakazi wapatao 15,000: makuli wa bandarini, watu wa reli, hata watumishi wa nyumbani. Wagomaji walikuwa wakikutana katika uwanja uliojulikana kama Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyeliongoza shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililochipuka humo, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet. Frederick Cooper ameyachambua mengi ya hayo katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu bandari ya Mombasa, na ilikuwa dhahiri kwamba mgeni wetu amekisoma kwa makini.

Alitusomea sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa hotuba ya kiongozi wa kubuni pale kiwanjani, na ilitamba mno kwa masikio yetu. Mhusika alisema kama mtu ajuaye kwamba miaka 16 baadaye nchi itapata uhuru. Ya pili ilimsawiri kuli mmoja akiitazama meli isiyopakuliwa, asijue afanye nini na mikono yake. Hapo ukumbi ulinyamaa. Kwa hakika, kama mswada mzima ungeandikwa kwa mkono ulioandika sehemu hiyo ya pili, makala hii isingekuwa na haja.

Kisha akasimama mzee mmoja ambaye babake alikuwa kuli Kilindini. Alisema kwa upole: "Mwalimu, umesoma vizuri. Lakini siku hizo kumi na mbili watu hawakuwa wakipata ujira. Nani aliyekuwa akiweka chungu motoni?"

Mtunzi alimshukuru, akasema: "Mzee wangu, mimi si mwanahistoria. Hii ni riwaya." Baadhi ya wanafunzi walipiga makofi. Mmoja wa uzamili akaongeza kwamba kuidai riwaya ukweli wa matukio ni kutoelewa ubunifu ni nini, na akamtaja Georg Lukács, ingawa hatudhani Lukács angemuunga mkono.

Jibu hilo tumelisikia mara nyingi, na sisi wahakiki ndio tuliowafunza watunzi kulitoa. Ebrahim Hussein alipoeleza kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ya mwaka 1969 ni kiumbe cha sanaa, wala asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia, alikuwa akibainisha alichokifanya na kwa nini alikifanya. Tangu hapo kauli ya namna hiyo imegeuka kichaka cha kujifichia. Tunaonelea kwamba mtunzi anapoitaja tarehe 13 Januari 1947 katika ukurasa wake wa kwanza, anachukua mkopo. Msomaji anampa imani ambayo asingempa kama angeandika "hapo zamani za kale". Hawezi kuitumia imani hiyo sura nzima, halafu anapodaiwa akasema kwamba hakukopa kitu.

Lakini deni lenyewe ni la nini? Hapa ndipo tunapotofautiana hata na wenzetu wa idara za historia, ambao huisoma riwaya wakiwa na kalamu nyekundu wakisahihisha siku na majina. Mzee yule hakuuliza kama hotuba ilitolewa Jumanne au Jumatano. Aliuliza kuhusu jambo ambalo nyaraka za serikali ya kikoloni hazikujali kuliandika kikamilifu. Pale nyaraka zinaposema, mtunzi anaweza kuzifuata au kuziacha, mradi ajue anachokiacha. Zinaponyamaza, ndipo uhuru wake ni mkubwa na wajibu wake mzito zaidi, kwa maana hakuna mwingine atakayepaingia.

Chukua mfano wa Shafi Adam Shafi. *Kuli* (1979) inajengwa juu ya mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948, ambao Anthony Clayton alikuwa amekwisha kuutolea kitabu mwaka 1976. Wapo waliokilaumu kisa cha Rashidi kwa kunyooka mno kuelekea mwamko wa kitabaka, na lawama hiyo ina msingi. Ila tukirudi nyuma kwenye *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978), tunamkuta Kijakazi, mtumishi anayeshikilia utiifu kwa bwana anayemdhulumu. Dhamira ya mapinduzi ingepata nafuu kubwa kama Kijakazi angeasi mapema. Shafi hakumpa uasi huo kwa urahisi, na kwa sababu hiyo Kijakazi anatufunza kuhusu ukabaila wa Unguja jambo ambalo hotuba kumi zisingeweza. Si lazima awe aliwahi kuishi. Yatosha kwamba mtunzi hakumlazimisha kuyajua yale ambayo sisi tunayajua baada ya mwaka 1964.

Kinyume chake ni James Mbotela. *Uhuru wa Watumwa* (1934) ilijitokeza kama maelezo ya mambo yaliyokuwa, nasi leo tunaisoma tukiona jinsi mpangilio wake unavyomtukuza Mwingereza. Uhalisi wa matukio haukuikinga na dosari hiyo. Vivyo hivyo, haitamkinga mgeni wetu akiweka hotuba yake ya kiwanjani neno kwa neno kutoka kwenye makavazi, hali ya kuwa jikoni hakuna mtu.

Kuna hoja moja ya upande wake ambayo ni haki kuitaja. Alisema, baadaye kidogo, kwamba anaogopa kuwasemea wanawake wa wakati huo asije akawazulia. Hofu hiyo ni ya mtu mwaminifu, nasi tunaiheshimu kuliko jibu lake la kwanza. Hata hivyo, makuli nao amewazulia, na kiongozi pia. Haieleweki kwa nini uoga uanzie mlangoni mwa jiko.

Kikao kilipokwisha tulibaki ukumbini watu wachache, viti vikikusanywa. Mzee alikuwa akimsimulia mtunzi habari alizozipata kwa mamake: kwamba alikuwa akipika mihogo na kuwauzia wagomaji kwa mkopo, akiweka hesabu kwa mistari ya mkaa ukutani, na kwamba wengine walilipa baada ya mgomo na wengine hawakulipa kabisa.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza mtunzi, akitafuta kalamu.

"Idadi sijui," alisema mzee. "Lakini ukuta ule alikataa usipakwe chokaa mpaka baba akakasirika."

Mtunzi aliandika hayo nyuma ya ukurasa wa hotuba.