"Mkulima Mmoja" na "Mkulima Huyo": Uhakiki wa Tafsiri za Maofisini

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania na ya mahakama. Kazi ya kufasiri nyaraka za Kiingereza ni kubwa, na ndani yake limejificha kosa dogo lenye madhara makubwa: kudhani kwamba kila kibainishi, yaani kile kineno kinachotangulia nomino ya Kiingereza, sharti kipewe neno lake katika Kiswahili.

Tuchukue mfano wa tangazo la ununuzi wa pamba, zao linalotegemewa na wakulima wengi wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla. Mfasiri aandika: "Mnunuzi mmoja akinunua pamba, mnunuzi huyo atampa mkulima mmoja stakabadhi moja." Karani akiyafuata maneno haya kama yalivyo, aweza kudai kuwa anayestahili stakabadhi ni mkulima mmoja tu. Yafaa kusema: "Mnunuzi yeyote wa pamba atampa stakabadhi kila mkulima aliyemuuzia." Hapo haki haina shaka.

Huenda mtu akajibu kuwa lugha nyingine zimepita njia hiyo. Ni kweli. Katika Kiafrikana, kibainishi 'n kilitokana na neno la Kiholanzi la kuhesabia moja, na die kilitokana na kionyeshi. Lakini 'n haihesabu tena. Kwa kuhesabu husemwa een. Katika Kiswahili "mmoja" bado ni hesabu, na msomaji wetu ataihesabu.

Wala Kiswahili si maskini. "Karani amepima pamba" yaeleza kazi tu. "Karani ameipima pamba" yaashiria pamba inayojulikana. "Pamba ile" huonyesha kwa kidole. "Ile pamba" hukumbusha iliyokwisha kutajwa. Kwa watu, kiambishi pekee hakitoshi, maana "amemwona mkulima" hufaa kwa mkulima ajulikanaye na asiyejulikana. Hapo ndipo "yule", "fulani", "yeyote" na "kila" huhitajika, kila neno kwa maana yake.

Basi mfasiri asijiulize kineno hiki huitwaje kwa Kiswahili, bali ajiulize: je, msomaji amekwisha kumjua anayetajwa? Na je, anatajwa mmoja, yeyote, au wote? Walimu nao wawazoeze wanafunzi maswali hayo mapema, kabla hawajakabidhiwa nyaraka zinazogusa mali za watu.