Siti Karudi, na Spika Zangu Haziko Salama

Jamani, sikieni hii! Albamu ya Siti Muharam, Siti of Unguja, imemaliza raundi ya kwanza hapa kwangu na mkono umeshairudisha mwanzo. Huyu ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule mwana wa Fumba aliyevuka bahari mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Mtu akirithi jina zito namna hiyo, na nyimbo zenyewe pia, angetegemewa aimbe kwa kujikunyata. Wapi! Bibie hajikunyati hata kidogo.

Anzeni na "Kijiti". Kisa cha muuaji aliyevuka bahari kutorokea bara kaimba bibi mkuu, kaimba Bi Kidude, ungedhani hakijabaki kitu. Siti Muharam hapigi kelele. Analivuta neno, analibana, halafu analiachia pale ambapo hukulitarajia. Mwili ulinisisimka. Matona, fundi wa fidla na udi, ameshika usukani wa muziki, na prodyuza Sam Jones kaingiza besi nzito na klarineti ya besi inayonguruma chini kwa chini. Wazee wa taarab asilia watanuna. Wanune tu! Siti binti Saad naye alikuwa mpya siku zake. Mimi nalalamikia mwangwi peke yake: kwa sauti kama hii, ulikuwa wa nini?

Nikahamia kwenye Zanzibara 10, mkusanyiko wa taarab za Mombasa na Tanga za kati ya 1970 na 1990. Loo! Nani alisema taarab ni ya kukaa kitako? Hawa walichukua gitaa la umeme, kinanda na besi, wakaweka mashairi ya mafumbo juu ya midundo ya kuchezeka. Kuna Black Star na Lucky Star wa Tanga, makundi yaliyompa Shakila jukwaa. Halafu taishokoto, ile ala ya nyuzi, kwa Zuhura Swaleh, wacha we! Zile nyuzi zinachokoza, sauti ya Zuhura inajibu, na mwenye kupigwa kijembe najua anajijua. Nilikuwa nimekaa. Sikukaa tena.

Kama mfuko unaruhusu moja tu, chukua Siti. Ila ukipata chenji, ipo Sounds of Sisso, singeli ya mwaka 2017 kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Mapigo yanapita 200 kwa dakika! Taarab inakusuta kwa fumbo. Singeli inakukimbiza mchana kweupe, kinanda kikilia juu na MC akimwaga maneno bila kuvuta pumzi. Wimbo mmoja unaisha hujajua ulianzia wapi, wa pili umeshaingia. Katikati nyimbo zinafanana mno, nakiri, na mwenye kichwa kinachouma asithubutu. Sauti yangu iko juu kabisa na jirani keshagonga ukuta. Agonge, maana anagonga ndani ya mdundo.